Toyota Nayo Huharibika

Kwenye kijiwe chochote cha madereva, kiwe Buguruni, Kisauni au Ntinda, ubishi wa magari humalizwa kwa kauli moja: Toyota haiharibiki. Hakuna anayeuliza ni Toyota ipi, ya mwaka gani, yenye injini gani. Anayetia shaka huambiwa hajui magari, au ana kinyongo kwa kuwa Nissan yake imelala gereji.

Naipinga kauli hiyo, na nitaipinga kipengele kwa kipengele, kwa sababu haiishii kijiweni. Inachota fedha mifukoni mwetu kila siku, na kwa baadhi ya magari yanayotembea leo Mombasa, Tanga na Dar es Salaam inaweza kuchukua uhai wa mtu.

Kwanza tuitendee haki. Wanaoishikilia wana macho na wana uzoefu. Wameona Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, zikivuka mito ya masika na kurudi salama. Wameona Probox zikishindiliwa miraa kutoka Meru mpaka springi zikalala, na kesho yake zikashindiliwa tena. Wanajua kwamba gari likikuzimikia Singida usiku, fundi utakayemwamsha amekwisha fungua injini ya Corolla mara nyingi, na duka la spea likifunguliwa asubuhi pampu ya maji itapatikana. Wanajua kwamba ada ya shule ikikubana, IST itapata mnunuzi upesi, ilhali Peugeot itakaa ikipigwa vumbi. Wengine watakukumbusha kipindi cha Top Gear cha BBC cha mwaka 2003, ambapo Hilux kuukuu ilizamishwa baharini, ikatiwa moto, ikawekwa juu ya jengo lililobomolewa, na bado ikawaka. Yote hayo yana uzito. Kosa linaanza pale kauli ya "magari haya yametufaa" inapogeuka kuwa "magari haya hayana kasoro, na anayesema yanazo anatafuta ugomvi".

1. Jina moja, injini nyingi

Hilux ile ya BBC ilikuwa toleo la 1988. Injini yake ya dizeli ilikuwa ya kimakanika, na fundi aliweza kuielewa kwa spana na masikio. Hilux iliyoingia sokoni mwaka 2015 ni gari jingine kabisa. Ina injini ya familia ya GD, ina turbo, nozeli zake zinaamriwa na kompyuta, na katika nchi zenye sheria kali za moshi ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Nchini Australia wenye Hilux, Fortuner na Prado za aina hiyo walikwenda mahakamani kwa sababu kichujio hicho kiliziba, gari likatoa moshi mweupe wenye harufu kali, likarudi gereji tena na tena. Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho iliamua kwamba magari zaidi ya 260,000 yaliuzwa yakiwa na kasoro hiyo. Rufaa zilizofuata zilibishania zaidi kiasi cha fidia.

Hatuhitaji kwenda mpaka Australia. Muulize fundi yeyote wa makamo kuhusu Noah na Voxy za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye injini ya D-4, ile inayonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Atakueleza habari ya masizi yanayojaa njia ya hewa, pampu ya shinikizo inayochoka, na gari linalotetemeka kwenye foleni kama lina homa. Mafundi walewale wanaoimba sifa za Toyota ndio wanaomnong'oneza mteja asichukue Noah ya D-4. Wanajua. Wanachokosa ni ujasiri wa kulisema wazi kwamba hiyo pia ni Toyota, iliyobuniwa na kuundwa na Toyota.

Anayesema "Toyota" bila kutaja injini anaichukua sifa iliyochumwa na 1HZ na kuivalisha gari ambalo halikuichuma.

2. Kampuni imekiri, shabiki anakana

Hapa ndipo ninaposhindwa kabisa kuwaelewa watetezi. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Toyota iliita zaidi ya magari milioni 8 duniani yarudi kurekebishwa, kwa sababu ya makanyagio ya mafuta yaliyogoma kurudi na mikeka ya sakafuni iliyoyanasa. Agosti 2009 huko California watu wanne wa familia moja walikufa ndani ya Lexus ambayo kanyagio lake lilinaswa na mkeka. Tarehe 24 Februari 2010 rais wa kampuni, Akio Toyoda, aliketi mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi na kusema kampuni ilikua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kulea watu wake na shirika lenyewe. Ni kweli kwamba wachunguzi, wakiwamo wahandisi wa NASA, hawakukuta ushahidi kwamba mitambo ya umeme ndiyo iliyosababisha magari kukimbia yenyewe. Shabiki hulishika hilo na kusema kesi imekwisha. Haikwisha. Mwaka 2014 Toyota ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani, ikakiri kuwa iliwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yake. Kilichoadhibiwa hapo ni kuficha.

Kisha zikaja habari za karibu zaidi na sisi. Desemba 2023 tume huru iliyoichunguza Daihatsu, kampuni tanzu ya Toyota iliyotuundia Passo, ilitaja visa 174 vya udanganyifu katika majaribio, vikigusa aina 64 za magari, vingine vya tangu 1989. Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa aina kumi za magari, zikiwamo Hilux, Hiace na Land Cruiser 300, baada ya kubainika kwamba kampuni dada inayounda injini za dizeli ilichezea vipimo vya nguvu. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo Akio Toyoda, sasa akiwa mwenyekiti, aliinama mbele ya waandishi wa habari huko Tokyo, safari hii kwa makosa ya Toyota yenyewe katika majaribio ya aina saba za magari. Miongoni mwake zilikuwamo Fielder, Axio, Isis na Sienta. Simama kwenye mataa yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam uhesabu ngapi kati ya hizo zinapita.

Kampuni ilisema hakukuwa na haja ya watu kuacha kuyaendesha, na sina sababu ya kudai kinyume. Hoja yangu ni nyingine. Mwenyekiti wa Toyota anainamisha kichwa mbele ya kamera kwa ajili ya Fielder, na mwenye Fielder wa Kariakoo anamfokea anayetaja habari hiyo. Anaitetea kampuni dhidi ya ungamo lake yenyewe.

3. Kosa daima ni la mwingine

Gari la Toyota likianza kula oili, maelezo huwa tayari. Mwenye gari wa kwanza hakulitunza. Fundi aliweka oili ya bei poa. Ringi zilikuwa feki. Barabara zetu mbovu. Dereva ana mguu mzito. Mara nyingine ni kweli. Tatizo ni kwamba maelezo hayo hutolewa kabla hata boneti halijafunguliwa, na hutolewa kwa Toyota tu. Volkswagen ikila oili, tunasema Mjerumani hafai kwa Afrika. Subaru ikichemsha, tunasema Subaru ndivyo zilivyo. Toyota ikifanya vilevile, tunamtafuta mtu wa kumlaumu. Kwa utaratibu huo hakuna kasoro yoyote inayoweza kuthibitishwa, kwa sababu kila ushahidi umekwisha pewa mlango wa kutokea.

Chukua injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, ambayo wengi wanaijua kutoka Harrier, Alphard, Vanguard na RAV4. Kwa miaka mingi wenye magari hayo hapa kwetu wamekuwa wakibeba dumu la oili kwenye buti, wakiongeza kila baada ya safari ndefu, huku mafundi wakiwaambia walikosea hiki au kile. Marekani wenye Camry, RAV4 na magari mengine yenye injini hiyohiyo walilalamika kwa sauti moja. Mwaka 2015 Toyota ilianzisha mpango maalumu wa kubadilisha pistoni na ringi za magari hayo bila malipo kwa waliothibitika kula oili kupita kiwango. Kampuni ilitambua kwamba tatizo liko ndani ya injini. Wenzetu wakapewa pistoni mpya, sisi tukapeana lawama.

Tofauti haikuwa ubora wa barabara. Wateja wa kule walihesabu lita walizoongeza, wakaandika, wakapeleka madai. Wa kwetu walioneana haya. Ukimya huo una bei, na aliyeulipia ni mwalimu aliyekopa Saccos kununua Vanguard, akafungua injini kwa gharama yake mwenyewe, na bado anaamini yeye ndiye aliyekosea.

4. Kila mwenye gari ni muuzaji wa kesho

Kwa nini watu wanashikilia hivyo? Maelezo ya kawaida ni mapenzi. Mimi naona pia maslahi, na nadhani hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Soko letu ni la magari yaliyotumika. Anayenunua leo ananunua akifikiria siku ya kuuza. Mwenye Noah akisema hadharani kwamba Noah yake ina ugonjwa, ameipunguzia bei Noah yake na ya jirani yake. Kwa hiyo ananyamaza, na akiulizwa anasifia. Maelfu ya wenye magari wanafanya kazi ya dalali bila kujijua, kila mmoja akilinda thamani ya kitu atakachokipeleka sokoni. Ushuhuda wa watu wa namna hiyo tunauchukua kama ushahidi wa ubora, wakati ni ushuhuda wa wenye mali.

Sifa ya "haishuki thamani" nayo ina upande wa pili ambao muuzaji hautaji: thamani isiyoshuka kwa anayeuza ni bei isiyoshuka kwa anayenunua. Kijana anayeingia yadi kwa mara ya kwanza na fedha zilezile atapata gari la chapa nyingine lenye umri mdogo na kilomita chache, au Toyota iliyochoka zaidi. Tunamshauri achukue iliyochoka. Analipia jina, na tofauti ataimalizia gereji.

Spea? Naam, zipo kila mahali, na kwa sababu hiyohiyo feki zake zipo kila mahali, na mwizi wa vioo vya pembeni anajua soko lilipo. Sitakaa hapo zaidi. Wingi wa spea ni sababu nzuri ya kununua gari. Haujibu swali la kama gari lina kasoro.

5. Kinachoweza kuua

Nimeyaacha haya mpaka sasa kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa, ile inayofumuka kwenye usukani na dashibodi ajali inapotokea, kwa ajili ya kampuni nyingi za magari: Honda zaidi ya zote, lakini pia Toyota, Nissan, BMW, Mazda na nyingine. Ili kuijaza mifuko hiyo ilitumia ammonium nitrate, kemikali ambayo huharibika inapokaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ikisha kuharibika, hulipuka kwa nguvu isiyokusudiwa, ikakipasua kikopo cha chuma kinachoihifadhi, na vipande vikaruka kifuani, shingoni na usoni mwa dereva. Watu zaidi ya 25 wamekufa hivyo Marekani peke yake, na mamia wamejeruhiwa. Wengine wamekufa katika nchi nyingine, Malaysia ikiwamo. Baadhi walikuwa kwenye ajali ndogo ambazo baada yake walipaswa kushuka na kubishana na mwenzao nani kamgonga nani.

Takata ilikiri kosa la jinai mbele ya mahakama ya Marekani mwaka 2017, na mwaka huohuo ikafilisika. Vifaa takriban milioni 100 duniani viliitwa virudishwe. Kwa upande wa Toyota, orodha iligusa Corolla, RAV4 na Yaris, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Vitz, pamoja na nyingine za miaka ya 2000.

Sasa soma tena maneno haya mawili: joto na unyevunyevu. Mamlaka za Marekani zilitanguliza Florida, Hawaii na majimbo ya pwani ya Ghuba ya Mexico kwa sababu huko kemikali huharibika mapema. Ni hali ya hewa ipi iliyo karibu zaidi na hiyo kuliko ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam? Na ni magari yapi yamejaa huko, yenye umri wa miaka kumi na mitano na zaidi, yakishinda juani kutwa? Tangu mwaka 2018 Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye mifuko ya hatari zaidi ambayo hayajarekebishwa. Gari lisiloweza kupata cheti Japani haliwezi kutembea Japani. Kabla ya hapo, na hata baada yake, meli zimekuwa zikishusha magari yaliyotumika Mombasa na Dar es Salaam mwezi baada ya mwezi. Kila mnunuzi anapaswa kujiuliza kama la kwake lilibadilishiwa mfuko kabla halijapakiwa.

Shabiki atasema hilo ni kosa la Takata, Toyota haikuhusika. Toyota ndiyo iliyochagua kifaa, ikakifunga na kukipitisha. Naisifu kwa jambo moja: iliita magari yarudi, na ikaendelea kuita mwaka baada ya mwaka. Wito huo umeshindwa kutufikia kwa sababu magari yetu yalitoka nje ya utaratibu wa muuzaji rasmi, na pale ulipotufikia tuliusikia kama matusi kwa chapa tunayoipenda. Nimesikia watu wazima wakisema habari za mifuko ya hewa ni propaganda za Wazungu dhidi ya Wajapani. Watu hao wana watoto wanaowapakia kiti cha mbele.

Na taa ya mfuko wa hewa inapowaka kwenye dashibodi, wapo mafundi wanaoing'oa balbu ili isimsumbue mteja. Mteja hushukuru na kulipa.

6. Mashabiki wameiasi Toyota

Lipo jambo ambalo mtetezi yeyote wa Toyota anapaswa kulijua, kwa sababu ndilo lililoijenga. Sakichi Toyoda, mwasisi wa ukoo huo wa viwanda, alikuwa mtengeneza mitambo ya kufumia nguo. Mtambo wake maarufu wa mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, ili nguo yenye dosari isiendelee kufumwa. Wazo hilo likahamia kwenye magari. Katika viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari wa kuunganisha magari anayo kamba ya kuvuta anapoona kasoro. Akiivuta, kiongozi wake hufika mara moja, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati mstari husimama. Haadhibiwi kwa kuivuta. Kosa ni kuiona kasoro na kuiacha ipite.

Huo ndio mfumo ambao vyuo vya biashara duniani vimeusomesha kwa miongo mingi, na ndio uliozaa 1HZ na Corolla tunazozipenda. Uimara wa Toyota ulitokana na watu waliokuwa tayari kusema, "Hapa kuna kosa." Kila aibu niliyoitaja hapo juu, ya kanyagio, ya Daihatsu, ya vipimo vya dizeli, ilitokea pale mtu alipoona na hakuvuta kamba. Kwa hiyo mwenye Vitz anayemnyamazisha jirani asiseme habari ya mifuko ya hewa haitetei Toyota. Anafanya lilelile lililoiharibia jina.

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa mashirika ya viwango na mamlaka za usajili wa magari za Kenya na Tanzania, yaani KEBS, TBS, NTSA na TRA: namba ya chasisi ya kila gari lililotumika linaloingia ilinganishwe na orodha za magari yaliyoitwa yarudi huko Japani, na gari lenye mfuko wa Takata ambao haujabadilishwa lisipewe namba za usajili mpaka ubadilishwe. La pili ni kwako unayesoma na una Toyota mlangoni. Namba ya chasisi iko kwenye kadi ya gari au logibuku yako. Toyota ya Japani inaruhusu mtu yeyote kuitafuta kwenye tovuti yake bila malipo. Ukurasa uko kwa Kijapani, lakini kijana yeyote mwenye simu atakusaidia kuutafsiri. Fanya hivyo wiki hii, kabla hujampakia mtu mwingine kiti cha mbele. Ukikuta gari lako limo, nenda kwa muuzaji rasmi na karatasi mkononi, na umwambie jirani yako mwenye gari kama lako.